Nani Aliyekusomesha? Hotuba juu ya Vitabu Vilivyohifadhi Majina na Kazi za Wanawake wa Kiislamu

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemneemesha mwanadamu kwa akili, ulimi na kalamu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote, wanaume kwa wanawake. Ama baad.



Kwanza nawashukuru viongozi wa jumuiya yetu ya hapa Buyenzi kwa heshima waliyonipa ya kusimama mbele yenu katika siku hii ya ukumbusho, siku ambayo pia kabati letu la vitabu linafunguliwa ili kila mwenye haja ya kusoma aje asome. Nimetakiwa niseme maneno machache juu ya vitabu vilivyoandikwa kuwataja wanawake wa Kiislamu, elimu yao na kazi zao. Mimi si mtu wa shule nyingi. Katika shule ya serikali niliishia darasa la sita, na kilichobaki nilikipata chuoni na miguuni pa mashekhe. Basi nitasema kwa kadiri ya uwezo wangu, na penye upungufu mtanisamehe.

Yaliyonipata katika jambo hili ni haya. Katibu wetu alinijia nyumbani na karatasi yake, akaniomba nimtajie majina ya waalimu waliosomesha Kurani katika mtaa huu tangu zamani, ili ayatie katika kitabu hiki cha ukumbusho. Nikamtajia majina 14. Kila jina nilimpa pamoja na jina la baba, na mahali alipotoka mtu yule: huyu alikuja kutoka Ujiji, huyu ni wa Rumonge, huyu wazee wake walitoka Manyema. Wengine katika hao sikuwaona kwa macho yangu, nimewajua kwa kutajiwa tu. Katibu akaandika yote. Alipomaliza akaniuliza kwa adabu: "Na wewe, Shekhe, alifu ulifundishwa na nani?"

Nikanyamaza kimya. Mimi, ndugu zangu, alifu nilifundishwa na mwanamke. Sisi watoto tulimwita Bi Mwalimu, na wazazi wetu nao walimwita hivyo hivyo. Alikuwa akikaa barazani kwake juu ya mkeka, anasuka ukili, na sisi watoto kumi na watano tumemzunguka, kila mmoja na ubao wake na mahali pake alipofika. Sote tulisoma kwa sauti kwa wakati mmoja, na mpita njia angedhani ni kelele tupu. Walakini mtoto mmoja akikosea herufi moja tu, mikono yake ilisimama kusuka, akamtazama mtoto yule yule aliyekosea. Nilisoma kwake miaka mitatu. Kila nisimamapo mbele yenu nikasoma Al-hamdu, matamko ya herufi zangu ni yake.

Na jina lake silijui. Jina la baba yake silijui. Wala sijui yeye alisomeshwa na nani. Katika majina 14 niliyoyataja, hata moja halikuwa la mwanamke, na katibu asingeniuliza, nisingetambua kuwa nimemsahau. Aibu hiyo ndiyo iliyonirudisha vitabuni, ili nione wenzetu waliotangulia walifanyaje katika jambo hili.

Nikaanza pale inapopasa Mwislamu kuanza. Imepokewa katika hadithi kwamba Bibi Umm Salama, mkewe Mtume, alimuuliza Mtume kwa nini wanaume hutajwa katika Kurani na wanawake hawatajwi. Hakukemewa kwa swali lake. Aya ilishuka katika Suratul Ahzab, ikawataja wanaume na wanawake bega kwa bega, sifa kwa sifa, mara kumi. Aidha iko sura nzima iliyopewa jina kwa ajili ya mwanamke aliyekuja kujadiliana juu ya haki yake kwa mumewe. Jina la mwanamke huyo ni Khawla binti Thaalaba, na twalijua kwa sababu wapokezi hawakuona haya kulihifadhi.

Waliokuja baada ya masahaba walishika njia hiyo. Ibn Saad wa Baghdad, aliyefariki mwaka 230 wa Hijra, yaani 845 wa Miladi, alitunga kitabu kikubwa cha matabaka ya masahaba na waliowafuata. Sehemu ya mwisho ya kitabu hicho ni ya wanawake peke yao. Aliwaandika kwa nasaba zao: binti ya nani, mama yake nani, aliolewa na nani, alizaa nani, alipokea nini kwa Mtume. Ametufundisha hivi kwamba mwanamke huandikwa kwa jina lake mwenyewe na la baba yake, kama aandikwavyo mwanamume.

Mwangalieni Bibi Aisha. Wanavyuoni wamehesabu hadithi 2,210 zilizopokewa kwake. Lakini kazi yake haikuwa kupokea tu. Masahaba wakubwa walipotoa hukumu ambayo yeye alijua kwa hakika kuwa sivyo, aliwasahihisha. Imamu Zarkashi wa Misri, karne nyingi baadaye, aliyakusanya masahihisho hayo akayafanya kitabu kizima. Fikirini, jamaa: mwanamume mwanachuoni akaona kuwa masahihisho ya mwanamke kwa wanaume yastahili kitabu chake peke yake, wala hakuona kuwa amewavunjia masahaba heshima.

Katika karne ya 5 ya Hijra aliishi Makka bibi mmoja, Karima binti Ahmad, asili yake Marw. Bibi huyu alikuwa na riwaya ya Sahihi ya Bukhari ambayo wanafunzi walisafiri kutoka nchi za mbali kuja kuisikia kwake. Al-Khatib wa Baghdad, ambaye kila mwenye kusoma elimu ya hadithi amjua, aliisoma Bukhari kwake wakati wa Hija. Tena yasemwa kwamba hakumruhusu mtu kupokea kwake mpaka nakala ya mwanafunzi ilinganishwe na asili aliyokuwa nayo yeye. Nilipolisoma hilo nikaikumbuka mikono ya Bi Mwalimu iliyosimama kusuka kwa herufi moja.

Na Imamu Dhahabi, mkali wa kuchuja wapokezi, ambaye hakumwonea mtu haya, ameandika maana yake kwamba katika wanawake wapokezi hakumjua hata mmoja aliyetuhumiwa uwongo, wala aliyeachwa kwa sababu hiyo. Wanaume waliotuhumiwa wamejaa vitabu.

Sasa natamani vijana wanisikilize vizuri, maana nataka mjue majina hayo yalihifadhiwaje. Zamani kitabu kilisomwa mbele ya mwalimu, na mwishoni mwa nakala huandikwa: kitabu hiki kimesomwa kwa fulani, mahali fulani, tarehe fulani, na waliohudhuria ni hawa. Hapo huandikwa majina ya watu wazima, na watoto, na wanawake waliohudhuria, na mara nyingine mwalimu mwenyewe ni mwanamke. Mwanafunzi naye akipewa ijaza, hulihifadhi jina la aliyempa, kwa sababu bila ya jina hilo mnyororo wa elimu yake umekatika. Kwa hiyo kumwandika mwalimu hakukuwa fadhila afanyiwayo mwalimu. Mwanafunzi alikuwa anailinda elimu yake mwenyewe.

Ndiyo sababu Ibn Hajar, mwenye Fathul Bari, aliyefariki mwaka 852 wa Hijra, yaani 1449, aliwataja waalimu wake wanawake bila ya kusita. Naye alikuwa yatima. Alikuwa na dada aliyezaliwa katika safari ya Hija, wakamwita Sittir Rakb, maana yake bibi wa msafara. Dada huyo alijua kusoma na kuandika na alikuwa na akili nyingi, na Ibn Hajar amemtaja kwa shukrani, kwamba kwake alikuwa mama baada ya mama yake. Mwanachuoni mkubwa kama huyo, mwenye vitabu visivyohesabika kwa wepesi, hakuona tabu kumtaja dada yake kwa jina. Mwanafunzi wake, Sakhawi, aliandika kitabu cha watu mashuhuri wa karne ya 9 ya Hijra, na juzuu ya mwisho, ya 12, akawapa wanawake. Ndani yake wamo wanawake 1,075 wa karne moja tu.

Majina hayo yalikaa vitabuni miaka mingi kama mbegu ghalani. Katika zama zetu hizi alitokea mwanachuoni wa Kihindi aishiye Uingereza, Shekhe Muhammad Akram Nadwi, akataka kuwakusanya wanawake waliopokea na kusomesha hadithi. Mwenyewe amesema alipoanza alidhani atapata labda 20 au 30. Alipekua vitabu vya wasifu, na ijaza, na zile orodha za waliohudhuria darasa, na habari za safari za wanavyuoni. Mwaka 2007 alitoa utangulizi wake kwa Kiingereza, na mwaka 2021 kitabu chenyewe cha Kiarabu kikapigwa chapa Jedda, juzuu 43, wanawake wapatao 10,000. Huyo alikuwa mwenye elimu na alidhania 20. Sisi tusiotafuta kabisa twadhania wangapi?

Wala msifikiri kwamba wanawake walingoja wanaume wawaandike. Zaynab Fawwaz alizaliwa Tibnin, katika nchi ya Lebanoni, katika nyumba isiyo na mali, akakulia katika nyumba ya wakubwa, na huko ndiko alikofunguliwa mlango wa kusoma. Baadaye alihamia Misri. Katika miaka ya 1890 alitoa kitabu kikubwa kilichopigwa chapa Bulaq, ndani yake wasifu wa wanawake zaidi ya 400, wa kale na wa zama zake. Aliona vitabu vya historia vya zama zake vimewapuuza wanawake, akashika kalamu mwenyewe.

Huko Sokoto, Nana Asmau, bintiye Shekhe Uthman dan Fodio, aliyezaliwa mwaka 1793 na kufariki mwaka 1864, alitunga kwa Kiarabu, Kifulani na Kihausa. Aliwafundisha wanawake viongozi, nao wakarudi vijijini kwao kusomesha wengine, kwa hiyo elimu ikamfikia mwanamke wa shambani pale pale alipo. Tungo zake zilikusanywa na kupigwa chapa pamoja mwaka 1997. Moja katika tungo hizo imenigusa kuliko zote. Aliwataja ndani yake wanawake wachamungu wa zama za kwanza, ambao kila mtu awajua, kisha akaendelea na kuwataja wanawake wa mji wake na zama zake, watu aliowajua kwa nyuso. Hakuona kwamba wema ni wa Basra na Baghdad tu. Alimtaja jirani yake baada ya Rabia.

Na sisi Waswahili, je? Tuna cha kujivunia. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, mkewe Shekhe Mataka wa Siyu, aliutunga utendi wake mwaka 1858, akamuusia binti yake naye ni mgonjwa. Beti zake ni 102. Zilinakiliwa kwa mkono, kwa herufi za Kiarabu, zikatoka nyumba hadi nyumba, hata mwaka 1934 zikapigwa chapa Uingereza kwa kazi ya Alice Werner na William Hichens. Wako leo wasemao kwamba mausio yake juu ya mume na mke ni ya zama zake, na wako wayashikao yote. Mimi sitaingia katika mjadala huo. Nasema hivi tu: alilitia jina lake na mwaka wake ndani ya utungo wake, na kwa hiyo hakuna aliyeweza kumpoteza.

Shaaban Robert, ambaye sote tumemsoma, aliandika wasifu wa Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba, Unguja, aliyezaliwa katika umaskini, akiuza vyungu, asiye na shule. Mwaka 1928 sauti yake ilitiwa katika sahani za santuri huko Bombay, akajulikana pwani nzima na bara. Alifariki mwaka 1950. Najua mtasema: "Shekhe, leo watutajia mwimbaji?" Sikusimama hapa kutoa fatwa ya nyimbo. Nasimama kusema kwamba mtungaji mkubwa wa lugha yetu aliona maisha ya mwanamke maskini yastahili kitabu, akayaandika, na leo twamjua Siti tangu utoto wake. Mwaka 1991 kilitoka kitabu kingine kwa Kiswahili, Wanawake Watatu wa Kiswahili, ambamo Bi Kaje wa Mwenye Matano, Bi Mishi wa Abdala na Bi Shamsa Muhamad Muhashamy wa Mombasa wasimulia maisha yao kwa vinywa vyao wenyewe. Walioandika, Sarah Mirza na Margaret Strobel, waliketi nao, wakauliza, wakasikiliza. Kazi hiyo yahitaji subira na adabu, na kila mtaa una mtu mwenye viwili hivyo.

Sasa nirudi kwetu. Dini ilifika katika mwambao huu wa ziwa Tanganyika pamoja na misafara ya karne ya 19, kwa njia ya Ujiji. Habari za wanaume wa misafara zimeandikwa. Lakini mtoto hakufundishwa kutawadha na msafara. Alifundishwa ndani ya nyumba, na mama, na bibi, na shangazi. Ni nani aliyekuhifadhisha wewe Kul-huwallahu kabla hujaenda chuoni? Ni nani aliyewaongoza wenzake katika kuwaosha maiti wa kike wa mtaa huu usiku wa manane, bila ya malipo? Ni nani aliyeweka kikoba cha akina mama mpaka mabati ya chuo yakanunuliwa? Mwawajua. Lakini wakiondoka wale wenye kuwajua, majina hayo yatakwenda nao.

Atasema mtu: jina la mwanamke ni sitara, halitajwi mbele ya watu. Nami namheshimu asemaye hivyo, maana huenda anasema kwa wivu mwema. Lakini imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Amr bin al-As alimuuliza Mtume ni nani ampendaye zaidi katika watu, na Mtume akamjibu kwa kumtaja Aisha kwa jina lake. Ikiwa Mtume hakuona haya kumtaja mkewe mbele ya jemadari wake, sisi twamsitiri nani, na kwa jambo gani? Stara ni ya mwili na ya siri za nyumba. Elimu na wema wa mtu si aibu hata visitiriwe.

Basi nina maombi mawili. La kwanza, namuomba katibu aache kurasa tupu mwishoni mwa kitabu hiki, na kila nyumba itakayokinunua iandike humo, kwa wino, mambo manne ya kila mwanamke aliyewafundisha au kuwatumikia: jina lake na la baba yake, mahali alipotoka, aliyemsomesha, na aliowasomesha yeye. Mambo manne tu. Asiyejua kuandika amwambie mjukuu wake amwandikie. Wenye simu za mkononi wawarekodi bibi zao wakisimulia, kwa idhini yao, wala wasingoje Idi ijayo.

La pili ni kwa mabinti. Someni mpaka muandike wenyewe. Kabati lililofunguliwa leo lina vitabu vya wanaume wengi na vya wanawake wachache mno. Sitaki miaka hamsini ijayo shekhe mwingine asimame hapa akaseme maneno haya haya.

Ama mimi, deni langu nimeanza kulilipa. Majuma haya nimetembea kwa wazee wa kike wa mtaa, nyumba kwa nyumba. Nimepata jina la Bi Mwalimu. Nimeambiwa baba yake alikuwa mvuvi wa Rumonge, na kwamba Kurani alisomeshwa na bibi yake mzaa mama. Jina la baba bado sijalipata kwa yakini, kwani mmoja ameniambia hili na mwingine lile. Kwa hiyo leo sitalitaja jina lake, maana yeye hakukubali herufi moja ikosewe, nami sitamwandika kwa makosa. Katika ile orodha ya katibu, mstari wa 15 umeachwa wazi. Mwenye kuijua nasaba yake, mwanamume au mwanamke, anitafute baada ya sala, au atume mtoto.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awarehemu waalimu wetu wote, tunaowajua na tuliowasahau. Yeye hasahau. Aijaalie jumuiya hii umoja na heri, aizidishie mabinti wetu elimu yenye manufaa, na aufanye wino wetu uwe ushahidi mwema kwetu siku ya kuhesabiwa. Amin.